Mkwe Wangu Hajawahi Kutubu

Jumapili, 12 Februari 2006

Nimeosha vikombe. Tena. Wageni wa baba mkwe wamekuja mchana, wameondoka jua limeshazama, na hakuna hata mmoja aliyebeba kikombe chake mpaka jikoni. Maprofesa. Madaktari wa meno. Mwenye duka la mazulia, ambaye ndiye analia zaidi kuliko wote.

Wanamwita Ostad. Kwetu Tanga ustadhi ni yule anayefundisha watoto Kurani na kupewa paja la kuku kila maulidi. Nikimwona mkwe wangu anavyopakuliwa wali, naona hawajaachana mbali.

Wanakaa sebuleni kwangu, viatu vimerundikana mlangoni vinadondosha theluji kwenye zulia, wanasubiri aseme neno. Akikohoa, wananyamaza. Akisoma beti mbili, wanatikisa vichwa na kufuta macho. Kisha wanarudi kwenye habari za nyumba zao za Eden Prairie na nani ameongeza chumba. Mapinduzi yatangoja.

Mashairi yake siyaelewi. Kiajemi changu ni cha jikoni: chumvi, moto, njoo ule, inatosha. Mume wangu Kamran anasema mashairi ya baba yake hayatafsiriki. Dai zuri hilo. Hakuna wa kulihakiki.

Yuko nasi tangu kiangazi. Alikuwa Ujerumani peke yake, mjane, mapafu yamechoka, mwanawe akamleta hapa Apple Valley, Minnesota. Mimi nilikubali. Nilidhani naletewa mzee mgonjwa. Nimeletewa sanamu.

Jumanne, 14 Februari

Baridi ya kukata masikio. Mzee anavutia sigara gereji, mlango wazi, koti juu ya pajama, kofia ya manyoya. Jirani wa mkono wa kulia amekuja kuniuliza kwa upole kama babu amepotea njia. Nimemwambia hapana, huyo ni mshairi. Akasema "Oh" kwa sauti ile ya watu wa hapa, ambayo maana yake ni pole.

Ananiita Arus. Kwao ni mke wa mwana. Mimi nasikia arusi, na kila akiniita nakumbuka arusi yangu, na jinsi Kamran alivyonihakikishia kwamba tutaishi peke yetu.

Leo amerudisha chai. Ati chai ya kwenye kikombe ni supu. Anataka ya kwenye glasi. Nimempa ya kwenye glasi. Ameshika glasi juu, ameitazama rangi yake kwenye mwanga wa dirisha, amerudisha tena.

Zamu ya mchana kwenye famasia ya hospitali. Dawa hazirudishi chai. Nazipenda dawa.

Jumamosi, 25 Februari

Rafiki yangu Mkenya, Wanjiru, amekuja kutoka Champlin. Ni muuguzi, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Fridley, na wazee hawamtishi. Amemkuta Baba mkwe amekaa kwenye kiti chake, mimi nasukuma theluji nje kwa koleo.

"Rehema, huyu buda ni wa kukaa tu? Kwani hawezi ku-shovel ata hiyo njia ya mlangoni?"

"Ana mapafu."

"Na sigara je? Hiyo anavuta na magoti?"

Nimecheka mpaka nikaegemea koleo. Kisha nimemsimulia habari zake, jinsi Kamran anavyozisimulia, na nikajishangaa kwamba nazijua zote kwa moyo. Enzi ya mfalme aliandika shairi kuhusu farasi wa mfalme, kwamba anakula vizuri kuliko wilaya nzima. Wakamfunga. Mfalme akaanguka, wakamtoa kwa maua, wakambeba mabegani. Waliomtoa nao akawaandikia shairi. Wakamfunga tena, gereza lilelile, mlinzi mpya.

Hao wa pili hawakutaka afe. Walitaka akae mbele ya televisheni aseme amekosea, ametubu. Wakati ule walitubu wengi, mawaziri wazima, walimu wake, rafiki zake. Yeye akakataa. Wakamng'oa meno, akakataa. Mkewe akawa anauza vyombo vya nyumbani, watoto wawili wanalala kwa shangazi, akakataa. Baadaye alitoroka kwa mguu kupitia milimani.

Ndio mtaji wake wote huo. Wageni wakiagana mlangoni, lazima mmoja aseme: Ostad hajawahi kutubu. Wanasema kama watu wengine wanavyosema amina.

Wanjiru akanipokea koleo. "Aki huyo ni shujaa," akasema.

Labda. Mimi namjua kama mtu ambaye akimwaga chai kwenye kitambaa changu cha meza hasemi samahani. Kama hakusema kwa waliomng'oa meno, ataniambia mimi?

Ijumaa, 10 Machi

Wageni wa aina nyingine. Daktari Hushang, Mwajemi wa Washington, udaktari wa nini sijui, na Mmarekani kijana aitwaye Todd. Viatu vyao vimekaa mlangoni kama vya dukani. Wanatoka kwenye taasisi. Kila mtu Washington anatoka kwenye taasisi.

Habari za redio sasa ni Iran, Iran. Kama walivyokuwa wakisema Iraki kabla ya vita. Nakumbuka vizuri, wala si zamani.

Wamezungumza asali kwa saa nzima. Wanaandaa dhifa Saint Paul mwezi wa nne. Wanataka Ostad ahutubie. Kabla ya hapo wanataka makala kwa Kiingereza, jina lake juu, iseme kwamba wananchi kule wanangoja kwa hamu kuokolewa.

Baba amesikiliza macho yamefumbwa. Kisha akauliza jambo, Kamran akatafsiri huku masikio yamemwiva: "Anauliza, kuokolewa kwa ndege au kwa meli?"

Todd akacheka. Hushang hakucheka, huyo anajua.

Makala, hapana. Dhifa, atakuja, kwa sababu hajawahi kula Saint Paul. Ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimesimama na sinia na nilitamani kumpigia makofi, jambo lililoniudhi.

Wakati wa kuondoka Hushang amemshika Kamran mkono, wamesimama nje karibu na gari muda mrefu, mvuke unawatoka vinywani kama birika mbili. Kamran aliporudi ndani nikamuuliza. Nasrin, akasema. Dada yake. Yuko Tehran, mwalimu, amenyimwa pasipoti mara kadhaa kwa ajili ya jina la baba yake. Hushang ana watu. Nasrin akivuka tu mpaka wa Uturuki, watamletea viza upesi.

"Kwa hisani tu?" nikauliza.

Kamran akaenda kuoga.

Jumatatu, 20 Machi

Mwaka mpya wao. Meza ya vitu saba, vyote vinaanza na herufi moja, siki imo. Nimemwambia Baba kwamba pwani yetu tuna Nairuzi, wazee wanaogea baharini, moto wa zamani unazimwa. Amenitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kichwa.

"Nairuzi," akasema. "Mmeiba."

Nikaendelea kumtajia. Bandari. Bustani. Pamba. Kila neno anapiga goti: letu, letu, letu. Nikasema serikali. Akacheka hadi akakohoa hadi nikamletea maji. "Hilo," akasema kwa Kiingereza chake, "tunawaachia. Kaeni nalo."

Nasrin alipiga simu. Wanajua simu inasikilizwa, kwa hiyo waliongea hali ya hewa. Mvua? Mvua. Baridi? Si sana. Mzee ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa uji. Ilipokatika akaendelea kuishika.

Laila, binti yetu, akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini hakumwambia shangazi kwamba anampenda. Baba hakuelewa swali, au alijifanya. Akaenda gereji.

Nusura nimwonee huruma. Nusura.

Jumapili, 2 Aprili

Vikombe.

Kamran yuko kwenye kompyuta siku nzima na nikiingia anafunga kilicho mbele yake. Nimewaza mwanamke. Nimewaza nani atamtaka, na soksi zile.

Alhamisi, 13 Aprili

Heri ingekuwa mwanamke.

Leo kazini, chumba cha mapumziko, gazeti limeachwa mezani, na uso wa mkwe wangu unanitazama kutoka ukurasa wa maoni. Kofia ileile ya manyoya. Jina lake. Nimesoma nimesimama, sandwichi mkononi.

Watu wangu watazipokea ndege zenu kwa maua. Ndivyo ilivyoandikwa. Aya baada ya aya ya upuuzi uliopigwa pasi. Na kila aya ya pili inaanza na "zaidi ya hayo". Ninaishi na mtu mmoja tu duniani anayeandika "zaidi ya hayo" hata akiacha ujumbe kwenye friji kwamba maziwa yameisha.

Nimemngoja Kamran gereji, ndani ya gari, heater imewashwa. Alipoingia nikamwonyesha gazeti. Hakukana hata kidogo. Ningemheshimu kidogo kama angekana.

"Ni kwa ajili ya Nasrin," akasema.

"Baba yako alisema hapana. Nilikuwepo. Nilishika sinia."

"Baba hasomi Kiingereza. Hatajua."

"Na wanaosoma je?"

"Rehema, yeye alichagua. Mara zote alichagua yeye. Hakutuuliza mimi na Nasrin tulipokuwa tunalala sakafuni kwa shangazi. Mara hii nimechagua mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na nilichukia kwamba ni kweli. Lakini nilimtazama, mhandisi wa madaraja, mtu mzima mwenye mvi, amejificha kwenye koti la baba yake na kuongea kwa sauti ya baba yake. Walinzi wa gereza walijaribu miaka yote kumtilia yule mzee maneno mdomoni wakashindwa. Mwanawe amefanya kwa jioni chache, kwa kompyuta niliyoinunua mimi.

Nimelala chumba cha Laila.

Ijumaa, 14 Aprili

Simu haitulii. Nusu wanampongeza Ostad kwa ujasiri, nusu wanamtukana. Kamran anazipokea zote yeye. Parviz, rafiki wa mzee aliyeko Ujerumani, alimpata mzee mwenyewe asubuhi, akasema sentensi moja, akakata. Baba amekaa siku nzima anauliza nini kimempata Parviz. Amelewa? Anaumwa? Kamran akamwambia laini ni mbovu. Kisha akachomoa waya wa simu ukutani.

Amemkata baba yake ulimi jana. Leo anamziba masikio.

Jumamosi, 15 Aprili

Kamran amempeleka Laila kuogelea. Nimekaa na Baba mezani, nimeweka gazeti kati yetu.

Amejiona kwenye picha. Amefurahi, masikini, akanyoosha mkono kuligeuza. Nikamzuia. Nikamsomea sentensi moja moja, kwa Kiingereza cha polepole, kwa Kiajemi changu cha masufuria, kwa mikono. Ndege nilifanya kwa kiganja. Maua nilimwonyesha yaliyoko dirishani.

Aliniomba nirudie ile ya maua. Nikarudia.

"Kamran?" akauliza.

Nikakunja gazeti.

"Kamran," akasema. Sasa si swali.

Birika likachemka, likazimika lenyewe. Nilijiandaa. Nilitegemea apige meza, apige kelele, aondoke na kofia yake. Akauliza tu: "Kiingereza kizuri? Sarufi nzuri?"

Nikasema ndiyo, sarufi haina kosa.

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na akanitaka niahidi kwamba sitamwambia Kamran kuwa anajua. Sipendi siri. Nyumba hii imeshaoza kwa siri wiki hii. Nikaahidi. Sijui kwa nini.

Jumapili, 23 Aprili

Niandike ya jana yote kabla sijaanza kuyapamba.

Hoteli ya Saint Paul, taa za vioo, wahudumu wenye glavu. Wanawake wa Tehran wenye nyusi za kuchorwa, wanaume wenye pete, na Wamarekani wenye vibandiko vya bendera kifuani. Todd anaruka meza hadi meza kama kuku asiye na pa kutagia. Hushang alinishika bega akaniambia watu wa nchi yangu wana ukarimu sana. Nikamuuliza ni nchi gani. Akaenda kusalimia wengine.

Watu wote wa Jumapili walikuwepo. Mwenye mazulia alikuwa amevaa tai ya hariri, na macho yake yalikuwa mekundu hata kabla ya supu. Kwa Iraki watu wa aina hii walilia hivihivi, nadhani, kwenye hoteli nyingine, juu ya samaki huyuhuyu.

Hotuba tatu kuhusu uhuru. Katika zote nchi ya mkwe wangu ilikuwa kitu cha kufunguliwa, kama kopo.

Kisha wakamwita. Makofi ya kusimama. Kamran akaenda naye kutafsiri, karatasi mkononi, kwa sababu alikuwa ameshaandika hotuba na tafsiri yake kabisa. Baba alipofika kwenye maikrofoni akamgeukia, akamwonyesha kiti. Kaa. Kamran hakuelewa. Akaonyeshwa tena. Akakaa.

Kiingereza cha Baba ni matofali bila saruji. Aliyapanga moja moja.

"Makala," akasema. "Mmesoma. Nimeandika mimi."

Makofi. Akainua mkono yakakoma.

"Mimi. Kwa mkono wangu. Ni kosa. Nafuta. Watu wangu wakiona ndege hawatachuma maua. Watakimbia. Watabeba watoto. Nyinyi pia mngekimbia." Akavuta pumzi, mapafu yakapiga filimbi ndani ya maikrofoni, ukumbi wote ukayasikia. "Nimeandika uongo. Naomba radhi."

Kisha akasema neno moja kwa lugha yake. Tobe. Sikuhitaji mkalimani. Toba. Neno hilohilo, na sisi tunalo.

Ukumbi ulipoa. Wamarekani walikuwa wanatazamana kujua kama huo ni mzaha wa kishairi. Lakini Waajemi walielewa vizuri. Mwenye mazulia alisimama, akafuta mdomo kwa kitambaa, akatoka bila kutazama nyuma. Meza ya nyuma mtu akapaza sauti kwa Kiajemi. Kamran alikuja kunitafsiria baadaye: Kule ulikataa kutubu mbele ya wauaji, hapa umetubu mbele ya sahani?

Baba akasema ndiyo. Akateremka, akarudi mezani, akala keki. Yote. Hata makombo akayaokota kwa kidole. Nilitazama pembeni, kwa adabu.

Na Kamran. Sijawahi kuona uso wa mtu unamwagika hivyo. Alikuwa amekaa palepale jukwaani, ile karatasi yake magotini, baada ya kila mtu kushuka. Alijua. Alijua kwamba mzee anajua, na kwamba mzee amechukua lile neno alilolikataa kwa meno yake na kulisema sasa, mbele ya watu walewale waliokuwa wakija kumwabudu kwa kulikataa, ili jina la mwanawe lisitajwe.

Kurudi nyumbani, Kamran ameshika usukani kama ngazi. Karibu na Eagan akatoka barabara kuu, akaingia kituo cha mafuta, akazima gari, akashuka, akasimama ameliegemea tangi la hewa.

Nikafungua mkanda. Baba akasema, "Wewe, hapana." Akashuka yeye.

Nimewaona kupitia kioo. Kamran alikuwa anaongea, anaongea, mikono inakwenda huku na huku. Mzee akamzaba kofi. Moja, si la nguvu. Kisha kwa mkono uleule akamshika shingo nyuma, akamvuta, paji la uso kwa paji la uso, na wakakaa hivyo hadi mtu mmoja mwenye lori akawapigia honi wampishe.

Baba aliporudi ndani ya gari alilalamika kwamba heater ni dhaifu.

Jumanne, 9 Mei

Magazeti yao ya uhamishoni yameandika. Simba ametubu. Mbweha wa Minnesota. Redio ya serikali ya kule imeisoma habari hiyo kwa furaha, mara kadhaa, bila kutaja ametubu kwa lipi. Hushang amepiga simu mara moja kumwambia Kamran kwamba milango imefungwa. Kama iliwahi kufunguliwa.

Nasrin hatakuja. Watu wa serikali walimwita, wakamhoji siku nzima, wakamwachia. Alipopiga simu waliongea hali ya hewa. Mvua? Imekatika. Mwishoni akasema sentensi moja ambayo Baba mwenyewe aliirudia kwangu, kwa fahari ya kitoto, maana hii haikuwa hali ya hewa: "Baba, huko kwenu nasikia kumekucha."

Kamran alitaka kuandika ukweli. Alikuja mezani na kalamu. Baba akamnyang'anya kalamu.

"Umeshaandika vya kutosha," akamwambia. Hili alilisema kwa Kiingereza, ili nami nilisikie.

Nikamuuliza baadaye, gereji, mlango wazi, kwa nini. Yeye hakuwa na kitu kingine ila kule kukataa kutubu. Akanijibu kwa vipande na ninaviunga hapa: kwamba alikuwa na kitu kimoja cha thamani, na kwa ajili yake alimwacha mkewe auze masufuria na watoto walale sakafuni. Wageni walikuwa wanakuja kukitazama kila Jumapili. Yeye mwenyewe alishachoka kukitazama.

"Nimekitumia," akasema. "Kwa Kamran. Nilichelewa."

Nilimwambia sigara zitamuua.

Jumapili, 28 Mei

Hakuna aliyekuja. Wala Jumapili iliyopita, wala ile ya kabla yake. Madaktari wa meno wamepata meno mengine ya kuabudu. Nilikutana na mwenye mazulia sokoni, kwenye ndimu. Alijifanya anasoma bei. Mtu aliyekula wali wangu majira mazima ya baridi.

Nawadharau. Nilikuwa nawadharau kwa kumwabudu, na sasa nawadharau kwa kuacha, na najua hilo halina mantiki. Hawakumpenda hata siku moja. Walipenda kwamba kuna mtu aliteseka badala yao, na wao wakipanua nyumba wanaweza kuja kukaa karibu naye na kujisikia watu.

Wanjiru naye amesikia. Kuna Mwajemi anafanya naye zamu. "Rehema, ati father-in-law wako ali-give in? Baada ya hiyo yote?"

Ulimi ulinisimama kwenye meno. Ningeweza kumaliza hadithi hiyo kwa sentensi mbili.

"Ndiyo," nikasema. "Ametubu."

"Woiye. Uzee ni kitu mbaya."

Nimeuandika ukweli hapa kwa Kiswahili, kwenye nyumba ambayo mume hasomi Kiswahili, mkwe hasomi, na binti anakielewa lakini akikisoma anakwama kwenye mstari wa kwanza. Hapa tu.

Jumapili, 11 Juni

Tumekwenda Champlin kwa Wanjiru, nyama choma. Mto Mississippi uko nyuma ya nyumba yao, mpana, wa kahawia, hauna haraka. Wakenya wengi, mzungu mmoja wa jirani, watoto wanarushiana maji.

Mjomba wa Wanjiru, mzee aliyetoka Nyeri mwezi uliopita kutembea, alimvutia Baba kiti. Walikaa pamoja, hakuna lugha kati yao isipokuwa Kiingereza kibovu cha kila mmoja. Nilikuwa nakata kachumbari karibu nao.

"Na wewe mzee," mjomba akamuuliza, "huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Baba akafikiri. Kisha akainyooshea kidole nyama na kuomba kipande kingine, cha karibu na mfupa.

Baada ya kula akalala kwenye majani, kofia ya jua usoni. Mbu wa mtoni walianza kutoka. Kamran akachukua sahani ya karatasi, akakaa chini karibu na baba yake, akawa anampepea, polepole, bila kukoma. Watu waliaga mmoja mmoja. Laila alilala ndani ya gari. Wanjiru akazima jiko.

Mimi nilikaa ngazini na viatu vyangu mkononi, nikimsikiliza mzee akikoroma. Hakuna aliyemwamsha.